Samaki Aliyekula Mwanga

Msimamizi wangu wa utafiti chuoni alikuwa mtu wa maneno machache, na siku aliyonikabidhi kazi hakunihutubia. Alinipa kichupa chenye unga mweupe, mweupe wa kawaida tu kama sembe, akaniambia nimimine kidogo kwenye kisahani, nikiache chini ya taa kwa dakika moja, halafu nizime. Nikazima. Ule unga ukabaki unawaka kijani peke yake gizani, na mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nikatoka mbio mle chumbani hadi nikajigonga bega kwenye fremu ya mlango. Yule mzee akadhani naogopa giza. Nilimwacha adhani hivyo, maana jibu la kweli lingechukua asubuhi nzima.

Rangi ile niliijua. Niliiona nikiwa na miaka tisa, milimani Ileje, ndani ya chumba kilichozibwa dirisha, na kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba ndiyo iliyokula macho ya mdogo wangu Lusekelo. Na aliyeilisha ni mimi.

Kwetu ni juu kidogo ya Itumba, upande ambako ukungu hauna ratiba: unaingia alfajiri na kutoka ukijisikia. Baba alifariki Lusekelo akiwa bado ananyonya. Mama akaenda Tunduma kuuza mitumba, kwa sababu mahindi na viazi vyetu vilitosha kula lakini havikutosha kusomesha, na sisi tukabaki na Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mkali kwa kuku na mpole kwa watoto. Nasema haya mapema ili mtu asije akamhukumu kabla sijamaliza.

Mama alikuja karibu kila mwisho wa mwezi, akishuka kwenye basi dogo na kupanda kile kilima akiwa na sabuni, sukari na kitu kimoja kidogo cha kutufuta machozi. Safari moja kitu hicho kilikuwa samaki wa plastiki, urefu wa kidole gumba, mwenye tundu mkiani la kutia pete ya funguo. Alipewa nyongeza na mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, baada ya kununua kwake marobota mawili. Sisi hatukuwa na ufunguo wowote; mlango wetu ulifungwa kwa kijiti. Wala samaki mwenyewe hakuwa mzuri. Alikuwa na rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na jicho moja tu, kama kwamba aliyemtengeneza alichoka katikati ya kazi.

Lusekelo, aliyekuwa na miaka mitano, ndiye aliyegundua. Aliingia naye chini ya blanketi mchana, akatoka huko kimya kimya, akanishika gauni akanivuta nikaone. Tukalala chini ya blanketi vichwa vimegusana, na yule samaki akawaka kijani katikati yetu, akituonyesha pua zetu. Baada ya siku mbili tatu za majaribio tukajua tabia zake. Ukimwacha kwenye jiwe la nje juani, anawaka sana. Ukimfungia kwenye kopo, anafifia na kufa. Lusekelo akasema anakula jua, na mimi sikuona sababu ya kubisha. Tukawa tunamlisha. Nilikuwa mtoto mpenda utaratibu, kwa hiyo nikaweka saa za kula: asubuhi baada ya kufagia uwanja, na mchana nikitoka shule.

Kisha surua ikaingia shuleni. Mimi niliipata kwanza.

Kwa Bibi surua ilikuwa na sheria zake, na sheria hizo hakuzitunga yeye, alizikuta. Aliamini kwamba ugonjwa unaotokea kwenye ngozi hauupendi mwanga, na ukikutana na mwanga unakimbilia machoni na kuyapika. Akaniweka kwenye chumba cha nyuma. Dirisha lake dogo la mbao akalifunga, akatundika blanketi jeusi, na nyufa zote akazishindilia majani makavu ya migomba hadi usiweze kuuona mkono wako mwenyewe. Mlangoni akaning'iniza kitenge chekundu ili majirani wajue wasiingie. Chakula kilikuwa uji mweupe usio na chumvi. Mboga za majani marufuku, mayai marufuku, mafuta marufuku, hata papai lililoiva, ambalo nililisikia likidondoka nyuma ya nyumba, marufuku. Vyote hivyo, alisema, vinaamsha upele.

Siku ya tatu Lusekelo naye akawaka homa, akaletwa kando yangu kwenye mkeka uleule.

Mimi nilipona haraka. Ngozi ilianza kubabuka, homa ikaniacha, nikaanza kusikia njaa ya kweli. Nikamwambia Bibi nimepona, nataka kutoka. Akanijibu kupitia kitenge kwamba ndugu walioingia pamoja hutoka pamoja; nikitangulia mimi, ugonjwa wangu utabaki ndani na kumwangukia mwenzangu, naye atabeba wa watu wawili. Nikauliza atapona lini. Akasema akipona. Halafu akaingia, akapapasa hadi akakipata kichwa changu, akasema maneno ambayo nayakumbuka katika Kindali chake hadi leo, ila nitayaandika kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye mkubwa. Macho ya mwenzako nimeyaweka kwako. Ukiona hata uzi wa mwanga unaingia, uuzibe."

Basi nikawa mgonjwa asiyeumwa, na mlinzi wa macho ya mtu. Sijui tulikaa mle siku ngapi baada ya hapo. Mama husema hazikuzidi kumi. Kwangu zilikuwa msimu mzima. Chumba kilinuka jasho, uji uliochacha na mahindi ya mbegu yaliyoning'inia darini, na harufu hiyo ya mahindi yenye moshi ndiyo inayonirudisha mle ndani mpaka leo nikipita kwenye maghala ya Mlowo wakati wa mavuno. Niliujua mchana kwa kuku na kwa sauti za wenzangu wakitoka shule. Walipita wakiimba, wakifika usawa wa nyumba yetu wananyamaza, kisha wanaendelea. Kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Nilijikunja, nikajinyoosha, nikahesabu nyufa za ukuta kwa vidole, nikazihesabu tena kutoka mwisho. Nilimchukia Bibi, nikaomba toba, nikamchukia tena. Na, niseme ukweli, kuna saa nilimchukia hata Lusekelo kwa kuchelewa kupona.

Samaki tulikuwa naye. Siku mbili za mwanzo aliwaka kidogo kwa jua alilokwisha kula, halafu akafa. Lusekelo hakuvumilia. Homa ilikuwa imempanda, maji hayataki, uji hautaki, na katika kuweweseka kwake kilio kilikuwa kimoja tu: samaki ana njaa. Nilimbembeleza. Nilimtisha. Nikamwambia samaki amelala. Hakunyamaza, na sauti yake ilikuwa imeisha, imebaki mkwaruzo tu.

Mchana mmoja Bibi alikwenda shamba la bondeni. Lusekelo alilia hadi nikaogopa atakata pumzi. Nikasimama juu ya ndoo, nikainua pembe ya blanketi, nikachomoa jani moja la mgomba. Jua likaingia, upana wa kidole. Sikuwa nimeliona siku nyingi, likanichoma, nikafurahi. Nikamweka samaki kwenye ule mstari.

"Fumba macho," nikamwambia Lusekelo.

"Nimefumba."

Nikahesabu hadi mia, nikarudisha jani. Samaki aliwaka vizuri kuliko siku zote, au ndivyo nilivyomwona kwa njaa yangu ya kuona. Nikampa mdogo wangu, naye akacheka, mara ya kwanza tangu aletwe mle, akanywa na uji nusu kikombe. Nikajiambia mara moja haina ubaya. Kesho yake nikarudia. Keshokutwa pia. Kila alipolia nilipanda ndoo, na kila mara nilimwambia afumbe, na kila mara alisema amefumba.

Halafu nikaona jambo lililonitia hofu. Samaki akiwa juu ya mkeka aliwaka taratibu, akififia polepole. Lakini akiwa kwenye kiganja cha Lusekelo, kiganja kilichokuwa cha moto kama sufuria, aliwaka kwa nguvu ghafla, hadi nikaweza kuona mistari ya mkono wa yule mtoto. Kisha akafa upesi. Nilijaribu kwa mkono wangu uliokwisha kupoa. Hakufanya hivyo. Nikarudi kwa Lusekelo, akafanya. Hakuna aliyenifundisha kupima namna ile, na nilipima vizuri, jibu tu ndilo nililolikosea. Nilisema moyoni: kumbe hashibi jua peke yake, anamnywa na mdogo wangu. Nikamnyang'anya. Akalia kile kilio cha mkwaruzo. Nikamrudishia. Hilo la kumrudishia ndilo lililonitesa miaka mingi kuliko hata dirisha.

Macho yake yakaanza kutoa matongo mazito. Bibi alikamua majani, sikuyaona ni ya mti gani, akamtonesha maji yake gizani kwa kupapasa, asubuhi na jioni. Lusekelo aliyaogopa kuliko kitu chochote. Nilimshika mikono kama nilivyoagizwa.

Mchana wa mwisho nilimlisha samaki, nikarudisha jani, nikamshika mbele ya uso wa Lusekelo, karibu kabisa, anang'aa kijani mpaka naona kope zake, zimejaa matongo lakini zimefumbuka. Macho yalikuwa wazi. Alinyoosha mkono akapapasa hewani, upande usio wenyewe.

"Dada," akasema, "bado hajashiba?"

Nikamwambia bado.

Mama alifika siku hiyohiyo au ya pili yake. Salamu za ugonjwa zilimfikia Tunduma kwa mdomo wa abiria. Hakubisha hodi. Aling'oa kitenge, akang'oa blanketi, akapiga dirisha teke likafunguka lote, na mwanga ukatuangukia. Kabla hajambeba Lusekelo mgongoni kumkimbiza hospitali niliona nilichokiona. Jicho la kulia lilikuwa jeupe lote. La kushoto limebaki kipande cheusi pembeni, chembamba kama kucha. Na weupe wenyewe ulikuwa wa maziwa yaliyoanza kuganda. Nikafungua kiganja. Rangi ilikuwa moja.

Nilikwenda chooni nikamtumbukiza. Kwa kuwa alikuwa ameguswa na jua njiani, aliendelea kuwaka kule chini shimoni, kijani, katikati ya mambo ya chooni, na mimi nilisimama juu ya shimo nikimtazama hadi alipozimika. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilikuwa najisaidia kwenye migomba.

Bibi aliliona jani lililochanika. Akauliza nani alifungua dirisha. Nikasema paka. Paka wetu hakuwa na wa kumtetea. Alifungiwa kwenye kiroba akapelekwa kwa ndugu zetu upande wa Isongole, naye alikuwa paka mzuri. Bibi aliishi miaka mingine minane akiamini paka ndiye aliyempofusha mjukuu wake, na mimi nikiamini nimemponza paka, mjukuu na Bibi mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Mama alimwambia siku moja, kwa ukali, kwamba hospitali wamesema ni lishe na yale majani ya kutonesha. Mimi nilisikia, lakini sikusikia. Watu wazima husema mengi kuwaficha watoto ukweli. Mimi nilikuwa nimemwona samaki akinywa.

Tangu hapo nikawa macho ya Lusekelo. Nilimshika mkono kwenda kisimani, kanisani, shuleni. Nilichaguliwa sekondari ya bweni nikalia hadi nikaachwa niende ya kutwa, na watu wakasema huyu binti ana upendo wa ajabu. Alipokwenda kwenye shule yenye kitengo cha wasioona nilimtembelea mara nyingi hadi walimu wakaniomba nipunguze. Nilipomaliza ualimu nikapata nafasi nzuri Dar es Salaam, nikaikataa. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Mbozi na ana moyo mpana, nilimpa sharti kabla ya posa: Lusekelo anakaa nasi. Ndivyo tulivyoishia Mlowo sote.

Lusekelo mwenyewe hakuwa mzigo kwa mtu yeyote ila kwangu niliyetaka kumbeba. Alipata kazi kwenye ghala la wanunuzi wa mazao. Anajua unyevu wa mahindi kwa kuuma punje moja, na kahawa kwa kuisugua kwenye viganja, na mwenye ghala humwamini kuliko kile kipimo chake cha betri. Anacheka kwa sauti, anadai, anataniwa na wapakiaji naye anawarudishia. Lakini akirudi nyumbani, mimi nilimpangia nguo kitandani. Nilimmenyea yai. Nilimtengea chakula na kumwambia nyama iko upande gani. Mara tatu alisema anataka kupanga chumba chake karibu na ghala, na mara tatu nilikataa, nikimuuliza nani atamwangalia. Mara ya tatu alinyamaza muda mrefu, na kimya chake nikakiona ni kukubali.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo chuoni, na hayo ndiyo yaliyonitoa mbio mbele ya kisahani cha unga.

Nilirudi, bila shaka. Nilikaa na unga ule miaka miwili, na sitawachosha wenzangu na yote niliyojifunza. Ni oksidi ya metali mbili, alumini na strontiumu, iliyochomwa kwenye tanuri hadi atomi zake zikajipanga kwa safu, kama matofali ya fundi mwenye kamba nzuri. Fuwele hiyo ikiwa safi kabisa haiwaki gizani, ni unga tu. Ili iwake lazima uitie uchafu kidogo kwa makusudi, chembe chache za madini adimu, na lazima iwe na kasoro, mahali ambapo tofali limekosekana au limekaa lisipostahili. Mwanga ukiipiga, nguvu yake inakwama kwenye zile kasoro. Inakaa humo, haina pa kwenda, hadi joto kidogo liitikise itoke, na ikitoka ndipo tunaona kijani. Kazi yangu ilikuwa kuupasha moto unga uliokwisha kushiba mwanga na kupima unavyoutema. Ukiuacha kwenye ubaridi unatoa taratibu. Ukiupasha, unawaka ghafla kwa nguvu, halafu unaisha upesi.

Nilipouona mchoro wa kwanza kwenye kompyuta, ule mlima mmoja unaopanda na kushuka, niliweka kalamu chini. Kilikuwa kiganja cha Lusekelo. Homa yake haikunywewa na mtu. Ilikuwa joto tu, nalo liliuharakisha mwanga uliokuwa umekwama utoke. Samaki hakuchukua kitu kwa yeyote. Alirudisha kile nilichompa kupitia ufa, tena pungufu.

Nikamwendea na daktari wa macho pale Mbeya, nikajifanya nauliza kwa ajili ya wanafunzi wangu. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto wa surua aliyenyimwa mboga, mayai na papai anaishiwa vitamini, kioo cha jicho kinalainika na kuoza kwa siku chache, na dawa za majani humalizia. Nikauliza habari ya mwanga. Akasema mwanga unamuumiza mgonjwa kidogo tu, lakini haujawahi kumpofusha mtoto wa surua hata mmoja.

Ningepaswa kutoka pale nikiruka. Sikuruka. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimeachiwa huru na sikujua mtu huru anafanya nini na mikono yake. Jioni hiyo nilirudi Mlowo na nikamenya yai kama kawaida.

Ilinichukua miezi mingine kusema. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha hadi nikasahau kwamba kuna nguo. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, mume wangu amewapeleka watoto kwa bibi yao, na Lusekelo amekaa barazani akitafuna punje ya mahindi kwa mazoea. Nikamweleza yote bila kupumzika: ndoo, jani, samaki, kiganja, paka. Nikamweleza na unga, na daktari. Nilitarajia alie, au anisamehe. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hata uso wa kusamehewa, kana kwamba angeuona.

Alitema punje.

"Sikuwa nafumba," akasema. "Ulikuwa unaniambia fumba, mimi natazama. Kale kamstari. Kalikuwa kazuri sana, Dada, na vumbi lake linacheza. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri, na nakishukuru mpaka leo."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha.

"Kwa hiyo Dar ulikataa kwa sababu ya hilo?"

Nikasema ndiyo.

"Na bweni. Na kunitafutia nyama kwenye sahani. Na chumba changu, mara zote tatu."

Nikafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nilidhani nina dada anayenipenda kupita kiasi," akasema, sauti yake haijapanda hata kidogo. "Nikawa navumilia, nasema basi, ndivyo alivyo. Kumbe ulikuwa unatumikia kifungo. Na gereza lenyewe ni mimi."

Nikamwambia nampenda, yote mawili ni kweli, hata mimi siwezi kuyatenganisha. Akasema anaamini. Akasema pia kwamba dirisha hakulilaumu hata siku moja, aliliomba mwenyewe. Lakini ndani ya gereza hilo naye alikuwa amefungwa, na yeye ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kumenya yai lake.

Wiki hiyohiyo alihama. Vijana wa ghala walikuja na mkokoteni wakabeba godoro, sanduku na redio. Nilipoinua ncha ya godoro aliisikia mikono yangu, sijui kwa namna gani, akaniomba niiache. Nikaiacha. Nikasimama getini nikimtazama akivuka barabara kuu na fimbo yake, malori yanapita, na kila lori lilipita juu ya moyo wangu. Mume wangu alisimama kando yangu akanishika kwenye kiwiko kwa nguvu kabisa, maana alijua ningemkimbilia.

Wiki tatu sikusikia neno. Wiki hizo ndizo nilizofungwa kweli, mimi ndani ya nyumba yangu yenye madirisha sita. Kisha akapiga simu.

"Njoo kula," akasema. "Usije na mboga."

Nilikwenda mikono mitupu, jambo ambalo kwa malezi yetu ni aibu. Chumba chake kiko nyuma ya maghala, chumba cha tatu kwenye korido isiyo na taa, na mlango wake ulipofunguka ndani kulikuwa giza tupu mchana ule. Dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na pazia zito alilopewa na wapakiaji hakuwa na haja ya kulisogeza. Nilisikia mafuta yakichemka. Harufu ya vitunguu ilikuwa nzuri. Nikapiga hatua moja, nikagonga ndoo kwa mguu, nikabaki nimesimama nikipapasa hewani.

"Ngoja hapohapo," Lusekelo akasema. "Utaniangushia sufuria."

Akaja bila haraka. Akaupata mkono wangu, akaugeuza, akanishika juu kidogo ya kiwiko, namna nilivyokuwa nikimshika mimi, akaniongoza hatua nne na kuniambia pale kuna kigoda, nisikivute, niiname tu nikikalie. Nilitaka kumwambia mafuta yanaungua. Nilitaka kusogeza pazia.

Nikakaa aliponiweka.